Elfu tisini na nane: namba kubwa za Kihispania nikiwa Gotu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni kazi. Nilikuwa Gotu, kule Isiolo, kwa mjomba wangu, nikiwa na laptopu, paneli ndogo ya sola na faili za sauti za Kihispania nilizozipakua kabla sijatoka mjini. Mtandao wa laini yangu pale ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, kwa hiyo kila kitu kilibidi kiwe tayari ndani ya mashine.

Kihispania cha nini Gotu? Nieleze. Mteja mmoja wa Mexico anataka programu ya ankara ambayo, ikishapewa kiasi kwa tarakimu, inakiandika chini yake kwa maneno. Kule ni jambo la kawaida sana kwenye ankara na hundi, wanaliita importe con letra, yaani kiasi kwa maneno, na mwishoni wanaweka senti kama sehemu ya mia: 00/100. Mimi nikaona kwa kuwa naandika ya Kihispania, niandike na ya Kiswahili hapo hapo, maana watu wetu wa minada ya mifugo bado wanauziana kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na nilitaka siku moja waweze kuitoa kwenye simu.

Sasa usidhani maneno yale ni mapambo. Sheria ya Kenya ya hawala na hundi, Sura ya 27, kifungu cha 9, inasema kwamba maneno na tarakimu zikitofautiana, kinacholipwa ni kile kilichoandikwa kwa maneno. Tuliirithi kutoka sheria ya Uingereza ya 1882. Uhispania nao wana sheria yao ya hawala na hundi ya 1985, nayo inasema hivyo hivyo. Sababu inaeleweka: sifuri moja ni rahisi kuongezwa kwa kalamu, neno zima ni kazi kidogo. Kwa hiyo mwandishi wa programu akiandika maneno vibaya, ameandika kiasi vibaya. Tarakimu hazitamwokoa.

Haya, tuingie kwenye namba zenyewe.

Moja hadi kumi na tano unakariri tu, hakuna njia ya mkato. Kuanzia kumi na sita mambo yanaanza kuwa na mantiki: dieciséis ni "kumi na sita" iliyobanwa ikawa neno moja. Ishirini na tano ni veinticinco, nayo imebanwa. Ukifika thelathini wanaacha kubana, wanaandika maneno matatu: treinta y cinco, thelathini na tano. Yale ya mia ni mia ikiwa peke yake cien, ikifuatwa na makumi au mamoja ciento. Halafu kuna watukutu watatu katika mamia: mia tano ni quinientos, mia saba ni setecientos, mia tisa ni novecientos. Hawa hawafuati ndugu zao. Elfu ni mil na haibadiliki, elfu mbili ni dos mil, elfu tisini ni noventa mil. Ukiwa na elfu moja husemi "moja elfu", unasema mil tu, ingawa kwenye hundi za Mexico utakuta watu wanaandika un mil ili mtu asije akapachika neno lingine mbele yake. Mnaona? Hata sarufi inakubali kupinda kidogo kwa kuogopa wezi.

Mazoezi nilifanya kwa miguu. Mjomba hapendi mtu ahesabu mifugo yake kwa sauti, kwa lugha yoyote ile, na mimi siwezi kubishana naye kwake. Basi nilihesabu hatua. Kutoka nyumbani hadi mahali panaposhika mtandao, upande wa daraja la Ewaso Nyiro, ni hatua 1,140 hivi, na nilikuwa nazihesabu kwa Kihispania kwenda na kurudi, jioni, jua likipoa. Wiki ya kwanza nilikuwa napunguza mwendo nikifika setecientos. Wiki ya tatu miguu ilikuwa inaenda yenyewe. Watoto wa jirani walinifuata siku mbili tatu, wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Ni katika kuhesabu hatua ndipo nikagundua jambo ambalo vitabu vya kujifunzia wanalitaja kwa sentensi moja tu kisha wanaendelea. Kile kineno y, "na" yao, katika namba kina kazi moja tu. Kinasimama kati ya makumi na mamoja, basi. Mia moja na moja ni ciento uno, hakuna y. Elfu moja na tano ni mil cinco, hakuna y. Elfu mbili mia tisa tisini na mbili ni dos mil novecientos noventa y dos, maneno yote yale na y ni moja, mahali pake pale pale. Kwa mtu anayeandika programu hii ni raha tupu. Ukiiona y unajua papo hapo inaunganisha nini na nini.

Sasa geukia Kiswahili chetu. Soma hii kwa sauti:

Elfu tisini na nane.

Ni ngapi? Wengi mtasema 98,000. Sawa. Lakini 90,008 utaisemaje? Elfu tisini na nane. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu "na" yetu inafanya kazi zote: inaunganisha makumi na mamoja, mamia na makumi, maelfu na chochote kinachofuata. Na elfu yetu inakaa mbele ya namba inayoizidisha, siyo nyuma kama mil. Ukiandika kwa hesabu ya shuleni, maneno yale yale manne yana mabano ya aina mbili:

elfu x (90 + 8) = 98,000
(elfu x 90) + 8 = 90,008

Kihispania hakina shida hii hata kidogo. Ya kwanza ni noventa y ocho mil, ya pili ni noventa mil ocho. Mabano yamo ndani ya mpangilio wa maneno yenyewe.

Katika mazungumzo hatuoni tatizo kwa sababu akili inajaza. Nani anauza kitu kwa shilingi 90,008? Ila kompyuta haina akili ya sokoni. Na binadamu akiwa na nia mbaya anaweza kujifanya hana pia, kama alivyofanyiwa mjomba.

Miaka michache iliyopita aliuza ngamia kwa dalali mmoja. Walikubaliana 98,000. Dalali akaandika karatasi kwa Kiswahili, tarakimu na maneno, akalipa 90,000 pale pale na kuahidi iliyobaki baada ya wiki mbili. Karatasi ilinyeshewa, tarakimu zikafutika nusu, maneno yakabaki yanasomeka vizuri: shilingi elfu tisini na nane. Wiki mbili zikaisha, dalali akaja mwenyewe, kwa heshima zote, akamwekea mjomba mkononi sarafu nne. Moja ya tano, tatu za moja moja.

Nilimuuliza mjomba alimjibu nini.

"Mwanangu, nilimwambia ahesabu tena. Akaniambia, mzee, mimi nimesoma kilichoandikwa."

Ile haikuwa hundi, kwa hiyo sheria ya hundi haihusiki moja kwa moja, lakini mantiki ya dalali ilikuwa ile ile: maneno ndiyo yanayoshinda. Kilichomwokoa mjomba si karatasi. Ni kwamba siku ya kuuza walikuwa wamepatana kwa Kiborana mbele ya watu wawili, na wale watu walikumbuka kilichosemwa. Wazee wakakaa, dalali akatoa 5,000, akaahidi nyingine. Ile nyingine haijafika. Kwa hesabu, tukitoa na zile shilingi nane ambazo mjomba alizikataa halafu akazichukua, ni 2,992. Ndiyo maana ile namba ya mfano hapo juu naijua kwa Kihispania hata nikiwa usingizini.

Kwa nini Kiborana kilimwokoa? Hapa nilikaa na mjomba jioni nzima, yeye akisema namba na mimi nikiandika. Nitatumia tahajia ya Kioromo kama kinavyoandikwa Ethiopia ili wasomaji wa kule wasinicheke. Tisini ni sagaltama, nane ni saddeet, elfu ni kuma. Elfu inakaa mbele, kama Kiswahili. Kwa hiyo ungetegemea tatizo lile lile. Lakini sikiliza mwisho wa neno. Tisini na nane kama namba moja ni sagaltamii saddeet: ile a ya mwisho inageuka ii na namba mbili zinashikana. Ukitaka kusema tisini, halafu nane pembeni, unatumia fi, yaani "na": sagaltamaa fi saddeet. Basi 98,000 ni kuma sagaltamii saddeet, na 90,008 ni kuma sagaltamaa fi saddeet. Irabu moja inafanya kazi ya mabano!

Nilipomwonyesha mjomba kwamba Wahispania nao wana njia yao, hakushangaa. Alishangaa kwamba Waswahili hawana. "Na nyie watu wa pwani mmefanya biashara miaka yote hiyo?" Nikamwambia mjomba, mimi si mtu wa pwani. Akasema lakini programu unaiandika kwa lugha yao.

Tuendelee. Kuna jambo la jinsia. Kihispania kina majina ya kiume na ya kike, na mamia kuanzia mia mbili yanafuata. Ngamia mia mbili ni doscientos camellos, mbuzi mia mbili ni doscientas cabras, kwa sababu cabra ni ya kike. Sisi mamia yetu hayajali chochote, lakini mamoja yetu yanajali ngeli: mbuzi wawili, vitu viwili, miti miwili. Sasa weka mbuzi 202 katika lugha zote mbili. Sisi: mbuzi mia mbili na wawili. Wao: doscientas dos cabras. Kwetu mia haikubadilika, mbili ikabadilika. Kwao mia imebadilika, mbili imekaa kimya. Yaani kama vile lugha hizi zilikaa mezani zikagawana kazi. Data ya CLDR, ule mradi wa Unicode unaotunza kanuni za lugha kwa ajili ya kompyuta, ina kanuni tofauti za kuandika namba za Kihispania kwa maneno, za kiume na za kike, kwa sababu hii hii. Pesos ni ya kiume, kwa hiyo mteja wangu hana presha. Ila siku akitaka ankara ya pauni za Uingereza, ambazo kwao ni libras, ya kike, mamia yote yanageuka.

Pia angalieni nukta. Uhispania 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini na mkato ndio unaotenga senti. Mexico wanatumia nukta kwa senti kama sisi. Lugha moja, desturi mbili, na hakuna anayekuonya.

Halafu ukipanda juu ya milioni kuna shimo. Millón ni milioni, hapo sawa. Lakini billón siyo bilioni yetu. Kwao billón ni milioni mara milioni, yaani moja na sifuri kumi na mbili, ambayo sisi tunaiita trilioni. Bilioni yetu wao ni mil millones, milioni elfu moja. Watu duniani walipofika bilioni 8 mwezi wa Novemba 2022, magazeti ya Kihispania yaliandika ocho mil millones. Bajeti ya Kenya ya 2025/26 ilivuka shilingi trilioni 4, na kwa Kihispania hizo ni cuatro billones. Ukitafsiri kwa kufananisha sauti, umefuta sehemu 999 kati ya 1,000 za nchi nzima. Mwaka 1995 Chuo cha Kifalme cha Kihispania kilikubali neno millardo kwa ajili ya ile bilioni yetu, baada ya kuombwa na Rafael Caldera, aliyekuwa rais wa Venezuela. Neno zuri, halina utata, na wengi bado wanasema mil millones. Hivyo ndivyo lugha zilivyo.

Sisi tuna laki, 100,000, iliyokuja na Wahindi. Mimi naipenda. Neno moja fupi linakutolea sifuri tano.

Namba za mpangilio sasa: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapa mambo yanageuka kabisa na Kiswahili ndicho kinachotamba. Kihispania wanakupa primero, segundo, tercero, cuarto, quinto, sexto, séptimo, octavo, noveno, décimo. Kumi za kukariri, na mbili kati yake zinakatwa mkia zikikaa mbele ya jina la kiume: primer, tercer. Baada ya kumi wanakupa undécimo, duodécimo, halafu vigésimo kwa ishirini, na wenyewe wanachoka. Kwenye maongezi, kupita kumi, wengi wanatumia namba ya kawaida. Mfalme Felipe VI unamsoma sexto, wa sita. Babu wa baba yake, Alfonso XIII, unamsoma trece, kumi na tatu tu, siyo wa kumi na tatu. Karne ya tano ni siglo quinto, karne ya ishirini na moja ni siglo veintiuno.

Sisi? Weka -a mbele ya namba yoyote. Wa sita, wa kumi na tatu, wa elfu mbili mia tisa tisini na mbili. Ukishajua "kwanza" na "pili" umemaliza somo, kilichobaki ni ngeli. Na tuna kitu ambacho Kihispania hakina kwa neno moja la kila siku: wa ngapi? "Wewe ni mtoto wa ngapi kwenu?" Jaribu kumuuliza Mhispania hivyo, itabidi uzunguke: una nafasi gani kati ya ndugu zako. (Ila na sisi tusijisifu sana, wiki yetu ina siku ya tano mara mbili. Jumatano ni ya tano kwa kuhesabu kutoka Jumamosi, kesho yake Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Hakuna programu ya kalenda ingepitishwa hivyo.)

Mfano niliotumia kujaribu programu niliupata kwa mjomba. Waborana hukabidhiana uongozi wa Gadaa kila baada ya miaka 8, na wanahesabu viongozi wao. UNESCO iliuweka mfumo wa Gadaa kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016. Kura Jarso, aliyeshika kuanzia 2017 hadi 2025, ni Abba Gadaa wa 71. Mtu wa kompyuta hawezi kuiona namba hiyo akaacha kupiga hesabu: vipindi 70 kabla yake mara miaka 8 ni 560, toa kwenye 2017, unafika 1457. Kwa Kihispania cha vitabuni yeye ni septuagésimo primer Abba Gadaa. Kwa Kioromo cha maandishi, torbaatamii tokkoffaa, ile -ffaa ya mwisho ndiyo inayofanya kazi ya "wa" yetu. Nilimsomea mjomba ya Kihispania mara mbili. Alisema kabla hawajamaliza kulitamka jina hilo miaka minane imeisha.

Kwa hiyo programu imekaaje? Upande wa Kihispania umekamilika na mteja ameshaupokea. Upande wa Kiswahili nimeamua hivi: kinachozidisha elfu kinakuja chote mbele ya elfu, kisha mkato, kisha kilichobaki. 98,000 inatoka "tisini na nane elfu". 90,008 inatoka "tisini elfu, na nane". 98,500 inatoka "tisini na nane elfu, mia tano". Siyo jambo nililolibuni mimi, wapo wanaosema "ishirini na tano elfu" wakitaka kueleweka bila ubishi, mimi nimelifanya kuwa sheria tu. Najua kuna watakaosema si Kiswahili cha sokoni. Kweli, sokoni tunasema elfu tisini na nane, na mtaani Nairobi watasema thao tisini na nane na maisha yanaendelea. Lakini karatasi ikishanyeshewa, soko halipo pale kukusaidia.

Mjomba nilimchapishia moja nilipofika mjini nikamtumia kwa gari la Merti. Alinipigia simu baada ya siku tatu, akaniambia inasomeka kama mwalimu anayewasomea watoto, na kwamba nimtumie nyingine kumi.

Kilichobaki ni laki. Nikiiruhusu, 198,000 itakuwa "laki moja, tisini na nane elfu", fupi na safi. Nisipoiruhusu ni "mia moja tisini na nane elfu". Wikendi hii najaribu zote mbili kwa watu wa mnadani Isiolo, wasome kwa sauti, nione nani anakwama wapi.